Kopo la Kusafisha Ini

Msikilizaji, nianze na bata.

Kusini-magharibi mwa Ufaransa kuna wafugaji ambao riziki yao ni maini ya bata. Chakula hicho wanakiita foie gras, na bei yake si ya mchezo. Bata akishakua, kwa muda wa kama wiki mbili za mwisho wa maisha yake, mfugaji humshika shingo, akamwingiza mrija kooni na kumshindilia chakula, asubuhi na jioni. Ini la bata huyo huvimba hadi mara sita, hata mara kumi ya ukubwa wake wa kawaida, likajaa mafuta kila upande. Sasa niambie: unadhani anashindiliwa nini? Mafuta? Siagi? Nyama? Hapana. Anashindiliwa mahindi.

Nimeanzia huko kwa sababu watu wanaotuandikia hapa studio kuhusu mafuta kwenye ini karibu wote wana swali lile lile: "Mimi mbona mafuta siyagusi?" Mtu kaenda hospitali kwa maumivu ya tumbo, au kazini wamepimwa afya, kapigwa altrasaundi, karatasi imerudi imeandikwa ini lina mafuta, gredi ya kwanza au ya pili. Nyumbani anaambiwa aache chipsi mayai. Na kwenye simu yake, kabla hajafika hata kituo cha daladala, limeshaingia tangazo la kopo la kusafisha ini. Leo nataka tuzungumze habari ya sahani na habari ya kopo. Wala sikufichi niko upande gani: kwa walio wengi pesa ya kopo imepotea bure, na kwa wachache imenunua ugonjwa mpya.

Madaktari husema ini lina mafuta pale mafuta yanapoonekana ndani ya zaidi ya asilimia 5 ya seli zake. Makadirio ya sasa ni kwamba watu wazima watatu hivi katika kila kumi duniani wanalo. Wengi hawasikii chochote. Kwa baadhi yao mafuta huleta uvimbe ndani ya ini, uvimbe ukikaa miaka huacha makovu, na makovu yakizidi ini husinyaa na kushindwa kazi, au linaota saratani. Safari hiyo ni ndefu na si kila mtu huimaliza, lakini dalili huja mwishoni, ndipo ubaya ulipo.

Kuna jambo limeumiza watu wengi majumbani. Zamani ini la namna hii lilijulikana kuwa ni ini la mlevi. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 20 ambao maini yao yalifanana kabisa na ya walevi, na pombe hawanywi. Jina walilolipa likabaki na neno pombe ndani yake, hata kama ni kwa kukanusha. Mama wa watu, hajawahi kuonja, anatoka hospitali na karatasi yenye neno hilo, mume anamtazama kwa jicho lingine. Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini duniani vikakubaliana kubadili jina, sasa linataja mwenendo wa mwili katika kutumia sukari na mafuta. Na ndiko liliko, maana ndugu wa ugonjwa huu ni kisukari, presha, kitambi na mafuta mengi kwenye damu. Wakikutwa wawili, tafuta na wengine. Wanaokunywa pombe, kwenu maneno hayabadiliki: acheni.

Hapa Afrika Mashariki, kwa kweli, ini lenye mafuta si geni. Kule Mulago, Kampala, katika miaka ya 1940 na 1950, Dk. Hugh Trowell na wenzake walikuwa wakiliona kila siku, ila kwa watoto wenye kwashiakoo, miguu imevimba na nywele zimebadilika rangi. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walichapisha kitabu kizima juu ya ugonjwa huo. Watoto wale walishiba ndizi na mihogo, lakini hawakupata maziwa, maharage wala samaki wa kutosha. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ini huyatoa mafuta yake kwa kuyapakia kwenye protini. Protini ikikosekana, mzigo unabaki bandarini. Kwa hiyo wanga mtupu ulijaza maini ya watoto wenye njaa, na leo wanga mtupu unajaza maini ya watu wazima. Ndiyo maana nasikitika ninaposikia mgonjwa ameacha mayai, ameacha maharage eti yana gesi, ameacha samaki kwa sababu amekaangwa, na sasa anaishi kwa mkate na chai ya rangi yenye sukari akiamini yuko kwenye dayati.

Basi mafuta ya ini hutoka wapi? Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliyafuatilia kwa kuyawekea alama maalumu. Waligundua kwamba karibu asilimia 60 yalitoka kwenye mafuta ya mwili wenyewe, yaani kitambi na ndugu zake, yakiingia kwenye damu na kutua kwenye ini. Robo hivi ini lilijitengenezea lenyewe kutokana na sukari na wanga. Yale ya kwenye chakula moja kwa moja yalikuwa asilimia 15 tu. Aliyeacha chipsi amefanya vizuri, simkatazi. Lakini ameshughulika na mlango mdogo kuliko yote.

Mlango wa sukari nitaukalia kidogo, kwa sababu huku kwetu uko wazi usiku na mchana. Sukari ya dukani ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Glukosi hutumiwa na mwili mzima, ubongo na misuli. Fruktosi sehemu kubwa huishia kwenye ini, na ini likizidiwa huigeuza mafuta. Mwaka 2012 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya jaribio la miezi sita kwa watu 47 wanene. Kila mmoja alikunywa lita moja kwa siku: kundi moja soda ya kola yenye sukari, jingine maziwa, jingine kola isiyo na sukari, jingine maji. Wale wa kola ya sukari mafuta ya ini yao yalizidi maradufu yakilinganishwa na ya makundi mengine. Na wa maziwa walikuwa wakipata nguvu ile ile ya chakula kama wao.

Utasema lita ya soda kwa siku ni nyingi. Haya, tuhesabu chai. Kikombe cha asubuhi vijiko vitatu. Saa nne kazini, na maandazi mawili, vijiko vitatu vingine. Jioni, vitatu. Hivyo ni vijiko tisa, sawa na soda moja ya chupa ya mililita 350. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana isizidi asilimia 5, ambayo ni kama vijiko sita kwa mtu mzima. Bado hatujagusa juisi ya miwa pale kituoni, wala ile ya ukwaju ambayo bila sukari hainyweki, wala tambi za futari. Tunda zima usiliogope: embe lina nyuzinyuzi, unalitafuna, na baada ya moja umetosheka. Juisi ya maembe matatu inashuka kwa dakika moja.

Kupunguza sukari kwenye chai kunauma siku za mwanzo, tusidanganyane. Punguza nusu kijiko kila wiki, tia tangawizi au iliki zaidi, ulimi utazoea. Mgeni akija akalalamika kwamba chai yako haina sukari, mpe bakuli ajitilie.

Sasa mlango mkubwa, uzito. Nchini Cuba walifanya utafiti ambao mimi nikiulizwa dawa ya ini huutaja kabla ya dawa yoyote. Ulichapishwa mwaka 2015. Wagonjwa 293, wote maini yao yameshaingia uvimbe, wakafuatwa mwaka mzima. Hawakupewa kidonge. Walipunguziwa chakula, wakaagizwa kutembea dakika 200 kwa wiki, na mwisho wa mwaka wengi wao wakachomwa sindano ya kuchukua kipande cha ini kionekane kwenye hadubini. Waliopunguza uzito kwa asilimia 10 au zaidi walikuwa 29. Kati yao 26 uvimbe uliisha, na 13 hata makovu yalirudi nyuma. Makovu, msikilizaji, ambayo wengi wanaaminishwa kuwa hayarudi! Lakini tazama na upande wa pili: 29 kati ya 293. Mtu mmoja kati ya kumi. Waliofikisha walau asilimia 5 walikuwa chini ya theluthi. Yaani tiba ipo, inafanya kazi, na ni ngumu. Muuza kopo anaijua vizuri hiyo sentensi ya mwisho. Ndiyo mtaji wake.

Mwenye kilo 90, asilimia 5 ni kilo nne na nusu, na hapo tayari mafuta ya ini huanza kupungua. Asilimia 10 ni kilo tisa. Zishushe kwa miezi, si kwa wiki, kwa sababu kukonda kwa haraka sana huleta mawe kwenye nyongo na kunaweza kulichokoza ini lenyewe. Mwembamba naye asijione amepona. Wapo wembamba wenye kitambi cha ndani na ini lililojaa. Na ukitembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki, mafuta ya ini hupungua hata kama mizani imegoma.

Kwenye sahani, kwanza tazama mlima. Mtu anakuambia anakula ugali na mboga, ukiona sahani ni ugali wenye mboga pembeni kama pambo. Mimi nasema geuza: mboga za majani, yaani mchicha, matembele, kisamvu au sukuma wiki, zichukue nusu; maharage, choroko, dagaa au samaki wachukue robo; ugali au wali ubaki na robo yake, na ugali ukiwa wa dona ni bora kuliko sembe. Usipike wali, chapati na viazi kwenye mlo mmoja. Wa Pwani watanichukia nikigusa nazi, lakini tui zito ni mafuta yanayoganda kwa sehemu kubwa sana. Watafiti wa Uppsala, Sweden, mwaka 2014 waliwashibisha vijana 39 kwa keki ndogo ndogo kwa wiki saba, nusu yao zikiwa na mafuta ya mawese, ambayo nayo huganda, nusu mafuta ya alizeti. Vijana wote waliongezeka uzito sawasawa, ila wa mawese ndio maini yao yalijaza mafuta zaidi. Kwa hiyo mbaazi za nazi ziwe za Ijumaa. Siku nyingine alizeti, na uyapime kwa kijiko; ukimimina kwa macho utamaliza chupa.

Na kahawa! Habari njema adimu. Tafiti nyingi, za nchi nyingi, zimeona wanywaji wa kahawa, vikombe vitatu na zaidi kwa siku, wana makovu machache ya ini. Hazithibitishi kwamba kahawa ndiyo iliyofanya kazi hiyo, lakini ushahidi umeelekea huko kwa miaka. Ile kahawa chungu ya barazani, inayomiminwa kutoka kwenye dele la shaba, haina sukari wala maziwa. Ni kama imetengenezwa kwa ajili yetu. Tatizo ni kashata. Ukinywa vikombe vitatu kwa kashata tatu, umerudi kwenye chai yako ya vijiko tisa.

Tufike kwenye kopo. Nilishika moja dukani majuzi, nikalisoma nimesimama. Mbele pana picha ya ini jekundu linalong'aa na ahadi ya kuondoa sumu kwa wiki mbili. Nyuma pana orodha ya mimea kumi na kitu, majina ya kisayansi kwa herufi za sisimizi, halafu maneno haya: mchanganyiko maalumu. Kiasi cha kila mmea hakikuandikwa. Hapo ndipo ninaposimama. Ini lako limekwishaelemewa, nawe unaliongezea mzigo ambao hata uzito wake hujaambiwa. Maana chochote unachomeza, kiwe cha asili kiwe cha kiwandani, anayekipokea na kukichambua ni ini. Halihitaji kusafishwa, lenyewe ndilo fundi wa usafi.

Si kwamba virutubisho vyote ni bure, na nitakuwa mwongo nikisema hivyo. Vitamini E imepimwa kwa haki. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani kwa watu 247 wenye uvimbe wa ini wasio na kisukari. Waliomeza yuniti 800 kwa siku kwa wiki 96, asilimia 43 walipata nafuu, ikilinganishwa na asilimia 19 ya waliopewa vidonge vya kuigiza. Makovu hayakupungua kwa uhakika. Na jaribio jingine kubwa, la wanaume zaidi ya 35,000, matokeo yake ya mwaka 2011 yalionyesha waliotumia yuniti 400 kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wengine. Kwa hiyo vitamini E ni dawa, ina mgonjwa wake na ina madhara yake. Anayeiandika awe daktari aliyeona vipimo, asiwe jirani aliyeona video.

Silimarini, inayotokana na mmea wa miiba wa nchi za Mediterania, ndiyo iliyomo kwenye makopo mengi ya ini. Madaktari wa Malaysia waliijaribu vizuri, wakatoa matokeo mwaka 2017: watu 99, miligramu 700 mara tatu kwa siku, wiki 48. Kwa kipimo kikuu walichokiweka, tofauti na vidonge vya kuigiza haikutosha kuitwa tofauti. Kulikuwa na dalili fulani upande wa makovu, wenyewe wakasema ichunguzwe zaidi. Mafuta ya samaki ya vidonge hupunguza mafuta kwenye damu na kidogo kwenye ini, uvimbe hayauponyi. Nami pesa hiyo ningeipeleka soko la samaki la Feri nikanunue vibua.

Manjano kwenye mchuzi, tia bila wasiwasi. Manjano ya vidonge ni habari nyingine, hasa yale yaliyochanganywa na kiini cha pilipili manga ili yafyonzwe kwa wingi mwilini. Mtandao wa hospitali za Marekani unaofuatilia maini yaliyoharibiwa na dawa ulieleza mwaka 2022 wagonjwa kumi walioumwa ini kwa vidonge vya manjano; watano walilazwa, mmoja alifariki. Chai ya kijani ni vivyo hivyo. Kikombe hakina neno, lakini kiini chake kilichokamuliwa na kutiwa kwenye vidonge vya kupunguza uzito, kikifika miligramu 800 kwa siku, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba kinapandisha vipimo vya ini. Mtandao ule ule wa Marekani uliona sehemu ya madhara ya ini yanayotokana na mimea na virutubisho ikipanda kutoka asilimia 7 mwaka 2004 hadi 20 mwaka 2014. Na hao ni waliofika hospitali kubwa wakaulizwa.

Huku kwetu kuna la ziada. Mtu anaweza kuwa na mafuta kwenye ini na pia homa ya ini aina ya B bila kujua. Huyo akipime kirusi hicho kabla ya kununua chochote. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi vya UKIMWI asichanganye na unga wa mtu yeyote kabla ya kumuuliza mtoa dawa wake. Na hata unga lishe, ule wa mahindi, karanga na soya, ninaoupenda, uangalie: nafaka na karanga zilizoota ukungu zina sumukuvu, nayo ni adui mkubwa wa ini. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125.

Dawa za hospitali zimeanza kupatikana. Marekani iliidhinisha resmetiromu Machi 2024, na semaglutaidi kwa ugonjwa huu Agosti 2025, zote kwa wenye makovu ya kati hadi mazito ambayo hayajafikia ini kusinyaa, na zote zikienda pamoja na chakula na mazoezi. Ni ghali. Sindano ya semaglutaidi ukiuziwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, jiulize ndani mna nini.

Ukirudi kliniki usiulize gredi tu. Gredi ya altrasaundi inasema mafuta ni mengi kiasi gani, wakati kinachoamua hatima yako ni makovu. Mwombe daktari akupigie hesabu iitwayo FIB-4: inatumia umri wako na vipimo vitatu vya damu vya kawaida, AST, ALT na chembe za kugandisha damu, na simu ya mkononi inaikokotoa papo hapo. Ikiwa chini ya 1.3, au chini ya 2.0 kwa aliyepita miaka 65, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, kazi yako ni sahani na miguu. Ikivuka 2.67 unahitaji bingwa wa ini bila kuchelewa. Katikati hapo, kuna vipimo vya kufuatia. Pima na sukari ya damu siku hiyo hiyo. Na makopo uliyo nayo yatie kwenye mfuko uende nayo, daktari ayaone yote, pamoja na lile alilokuletea shemeji.